Mwanamuziki, Kamera na Lugha: Filamu za Hali Halisi Zikitazamwa kutoka Bagira

1.0 Utangulizi

Bagira ni mojawapo ya komini tatu za mji wa Bukavu, pamoja na Ibanda na Kadutu. Ilijengwa katika miaka ya 1950, wakati wa utawala wa Wabelgiji, kwa ajili ya familia za wafanyakazi Waafrika. Wakazi wake husema Mashi, Kilega, Kihavu na lugha nyingine za Kivu ya Kusini. Watoto wao husoma kwa Kifaransa. Na wote hukutana kwa Kiswahili sokoni, njiani na uwanjani. Hata hivyo, sehemu kubwa ya muziki unaopigwa katika baa na sherehe za Bagira umeimbwa kwa Kilingala, nao umetoka Kinshasa, mji ulio umbali wa takriban kilomita 1,500 kwa njia ya anga.

Mtazamaji wa Bagira anapotazama filamu inayosimulia maisha ya mwanamuziki maarufu, basi, yumo katika hali ya pekee. Nyimbo anazijua. Lugha ya nyimbo anaielewa nusu au zaidi. Maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya picha huwa ni ya Kifaransa au Kiingereza. Lugha yake mwenyewe, Kiswahili, mara nyingi haimo kabisa.

Makala haya yanakusudia kueleza filamu za aina hiyo ni nini, zilianzaje, na zimefanya nini katika nchi yetu na katika eneo la Waswahili kwa jumla. Hoja yetu ni kwamba filamu ya hali halisi kuhusu mwanamuziki si kioo kinachorudisha sura ya mtu kama ilivyo. Ni kazi ya uteuzi, na uteuzi huo unaweza kuchunguzwa kwa maswali matatu: nani anapewa nafasi ya kusema, maneno yake yanafikishwa kwetu kwa lugha gani, na kazi ikishakamilika inabaki mikononi mwa nani. Maswali hayo yanawahusu moja kwa moja walimu na wanafunzi wa Kiswahili, kwa kuwa mawili ya kwanza ni maswali ya lugha, na la tatu linahusu hatima ya matini zinazosemwa na wazee wetu.

2.0 Asili ya filamu hizi: muziki wa roki

Kwa filamu ya hali halisi tunamaanisha filamu ambayo watu wanaoonekana ndani yake ni wao wenyewe, si waigizaji wanaowakilisha watu wengine, na matukio yake yalitokea kweli. Filamu kama hizo zilikuwapo tangu mwanzo wa sinema. Zile zinazomfuata mwanamuziki nyuma ya jukwaa, garini na hotelini zilistawi hasa katika miaka ya 1960, na sababu yake kubwa ilikuwa ya kiufundi. Kabla ya hapo kamera za sinema zilikuwa nzito, na sauti ilinaswa kwa mitambo mikubwa isiyohamishika kwa urahisi. Kuanzia mwaka 1960 hivi, watengenezaji filamu wa Marekani na Ufaransa walianza kutumia kamera nyepesi za utepe wa milimita 16, zilizobebwa begani na kufanya kazi sambamba na kinasa sauti cha mkononi. Mtu mmoja wa picha na mmoja wa sauti waliweza sasa kuingia chumbani na kunasa mazungumzo yalivyokuwa yakiendelea.

Mwanamuziki wa roki aliifaa sana teknolojia hiyo. Alikuwa mtu wa safari, wa maneno, na wa vijana wengi waliotaka kumwona karibu. D. A. Pennebaker alimfuata Bob Dylan katika ziara yake ya Uingereza ya mwaka 1965, na filamu yake, Dont Look Back, ikatoka mwaka 1967. Haina msimulizi anayemweleza mtazamaji nini cha kufikiri. Mtazamaji huachiwa mwenyewe kuhukumu tabia ya Dylan anapobishana na waandishi wa habari.

Miaka mitatu baadaye zilitoka filamu mbili ambazo hadi leo hutajwa pamoja. Ya kwanza ni Woodstock ya Michael Wadleigh, iliyohusu tamasha la Agosti 1969 katika jimbo la New York, na iliyopata tuzo ya Oscar ya filamu ya hali halisi. Ya pili ni Gimme Shelter ya ndugu Albert na David Maysles pamoja na Charlotte Zwerin, iliyolifuata kundi la Rolling Stones hadi onyesho la Altamont, California, tarehe 6 Desemba 1969, ambako kijana mmoja katika hadhira alichomwa kisu akafa karibu na jukwaa. Matamasha hayo mawili yalipishana kwa miezi minne tu, na mashabiki wake walikuwa wa kizazi kimoja. Hata hivyo, filamu moja ilikijengea kizazi hicho picha ya amani, na nyingine picha ya maangamizi. Katika Gimme Shelter, wanamuziki wenyewe huonyeshwa wakiwa wameketi mbele ya meza ya kuhariria, wakitazama tena picha za siku ile. Kwa njia hiyo filamu inakiri waziwazi kwamba kuna mtu aliyekata na kuunganisha.

Mfano wa tatu unaonyesha kwamba hata wanaoonyeshwa huweza kutokubaliana na picha yao. The Last Waltz ya Martin Scorsese, iliyotoka mwaka 1978, inahusu onyesho la kuaga la kundi la The Band lililofanyika San Francisco tarehe 25 Novemba 1976. Mpiga ngoma wa kundi hilo, Levon Helm, alilalamika baadaye katika kitabu cha maisha yake kwamba filamu ilimtukuza mno mpiga gitaa Robbie Robertson na kuwaacha wenziwe kando. Watazamaji wengi wanaipenda filamu hiyo, nao wana haki. Lakini malalamiko ya Helm yanatukumbusha kwamba kundi la watu watano linaweza kuingia katika kumbukumbu ya dunia kama kundi la mtu mmoja, kwa sababu tu ya mahali kamera ilipoelekezwa.

3.0 Zaire 74: tamasha lililosubiri miaka 34

Historia hiyo ya roki ilifika Kinshasa mwaka 1974. Mwaka huo Muhammad Ali na George Foreman walipangiwa kupigana ngumi katika Uwanja wa Mei 20, ambao sasa unaitwa Uwanja wa Tata Raphaël. Sambamba na pambano hilo liliandaliwa tamasha la muziki la siku tatu, kuanzia tarehe 22 hadi 24 Septemba. Kutoka Marekani walikuja James Brown, B. B. King, Bill Withers na wengine. Celia Cruz alikuja na wanamuziki wa Kilatini. Upande wa Afrika walikuwapo Miriam Makeba, Franco na kundi lake la TP OK Jazz, Tabu Ley Rochereau, na Abeti Masikini, binti wa Kisangani, mji ambamo Kilingala na Kiswahili hukutana. Foreman aliumia juu ya jicho akiwa mazoezini, pambano likaahirishwa hadi Oktoba 30, lakini tamasha likaendelea.

Wapiga picha waliotumwa kulinasa tamasha walikuwa na ustadi ule ule uliotokana na filamu za roki, na mmoja wao alikuwa Albert Maysles. Walinasa kilomita nyingi za utepe. Kisha utepe huo ukafungiwa kwa sababu ya migogoro ya fedha na haki za umiliki. Mwaka 1996, yaani miaka 22 baadaye, Leon Gast alitoa When We Were Kings, iliyopata tuzo ya Oscar mwaka uliofuata. Lakini filamu hiyo kimsingi ni ya ngumi. Muziki umekuwa pambo lake. Jeffrey Levy-Hinte, aliyeshiriki katika uhariri wa filamu hiyo, aliona ni kiasi gani cha picha za muziki kilichobaki bila kutumika, naye akatengeneza Soul Power, iliyotoka mwaka 2008. Hapo ilikuwa imekwisha pita miaka 34.

Katika miaka hiyo yote, mashahidi walikuwa wakipungua. Franco alifariki mwaka 1989 na Abeti mwaka 1994. Tabu Ley aliishi hadi mwaka 2013. Tena, hata katika Soul Power wanamuziki wa Kiafrika hawakupewa nafasi sawa na wageni wao. Uzito wa filamu uko kwa Wamarekani na safari yao ya kurudi Afrika. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 2017 ndipo sauti za Waafrika waliopiga katika tamasha hilo zikatolewa peke yake katika albamu. Wazairwa walifika uwanjani na kuwapigia makofi wageni. Lakini mkanda wa tukio hilo uliwekwa mbali na nchi yao, na uamuzi wa lini uonekane, na nani aonekane ndani yake, ulifanywa na wengine.

Mkasa huu unalijibu swali letu la tatu kwa mfano halisi. Anayeutunza utepe ndiye anayeamua tukio litakumbukwaje.

4.0 Kinshasa katika mwanga, Mashariki katika kivuli

Baada ya mwaka 1990 filamu za hali halisi kuhusu wanamuziki wa Kongo ziliongezeka. Mzee Wendo Kolosoy, aliyezaliwa mwaka 1925 na kuvuma mwaka 1948 kwa wimbo wa Marie-Louise, alitengenezewa filamu mbili: Tango ya ba Wendo mwanzoni mwa miaka ya 1990, na On the Rumba River ya Jacques Sarasin mwaka 2007, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Renaud Barret na Florent de La Tullaye walitengeneza La Danse de Jupiter mwaka 2006, kuhusu Jupiter Bokondji na wanamuziki wa mitaani wa Kinshasa. Bokondji ni mfano mzuri wa uhusiano wa roki na ngoma za kwetu: alikulia kwa muda mjini Berlin Mashariki, ambako baba yake alikuwa mwanadiplomasia, akausikia muziki wa roki huko, kisha akaurudisha nyumbani na kuuchanganya na midundo ya makabila ya Kongo.

Waongozaji hao wawili ndio waliotengeneza pia Benda Bilili!, iliyoonyeshwa katika tamasha la Cannes mwaka 2010. Inahusu Staff Benda Bilili, kundi ambalo wengi wa wanamuziki wake walikuwa wamelemazwa na polio na kutembea kwa baiskeli za miguu mitatu. Walifanya mazoezi katika bustani ya wanyama ya Kinshasa, na kijana mmoja, Roger Landu, alipiga chombo cha uzi mmoja alichokitengeneza kwa kopo. Filamu iliwafungulia milango ya majukwaa ya Ulaya. Mwaka 2013 kundi likagawanyika. Mwaka 2021 ilitoka The Rumba Kings ya Alan Brain, na mwezi wa Desemba mwaka huo huo UNESCO ikaiingiza rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Filamu hizi zina thamani kubwa. Yafaa hata hivyo kuona kwamba zote zimeitazama Kinshasa, na kwamba mtazamaji wa ng'ambo anayezitegemea ataamini kuwa muziki wa Kongo ni muziki wa Kilingala tu. Ukweli ni mpana zaidi. Jean Bosco Mwenda wa Bayeke aliimba kwa Kiswahili cha Katanga, na mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Upigaji wake wa gitaa ukachunguzwa na wataalamu wa muziki katika majarida ya kimataifa. Baba Gaston alitoka Lubumbashi akaenda Nairobi katika miaka ya 1970, na kutoka katika kundi lake wakazaliwa Les Mangelepa. Orchestra Maquis ilitoka Katanga ikafanya makao Dar es Salaam. Remmy Ongala alizaliwa mwaka 1947 huko Kindu, wakati Kindu ilipokuwa bado ndani ya jimbo lililotawaliwa kutoka mji wetu wa Bukavu. Akahamia Tanzania, akawa mwimbaji mkubwa wa Kiswahili, na mwaka 1989 albamu yake ikatolewa Uingereza na kampuni ya Real World iliyoanzishwa na Peter Gabriel, mwanamuziki wa roki. Alifariki Dar es Salaam mwaka 2010.

Wanamuziki hawa wa mashariki walipata umaarufu kwa kuondoka. Waliobaki, wale waliopiga katika kumbi za Kadutu na Bagira, katika harusi na katika kwaya za makanisa, hawakuwa njiani mwa kamera. Hata msanii wa filamu mzaliwa wa Bukavu, Mweze Ngangura, aliipata hadithi yake ya muziki huko Kinshasa. Alizaliwa mwaka 1950, akasomea sinema nchini Ubelgiji, na mwaka 1987 aliongoza pamoja na Benoît Lamy filamu ya La Vie est belle, ambamo Papa Wemba aliigiza kama mwanamuziki wa kijijini anayetafuta bahati mjini Kinshasa. Hiyo ni filamu ya kubuni, si ya hali halisi. Aliporudi kwao na kamera, katika Le Roi, la vache et le bananier ya mwaka 1994, alionyesha ufalme wa Ngweshe na maisha ya Bushi. Kazi hiyo inathibitisha kwamba Kivu inaweza kusimuliwa na mwana wa Kivu. Somo hilo muziki wa mjini Bukavu unalihitaji pia.

5.0 Pwani: Freddie Mercury na Bi Kidude

Ili kuona jinsi uteuzi wa shahidi unavyoweza kubadili sura ya mtu, tutazame mifano miwili ya Zanzibar, ambako roki na taarab zimekutana katika filamu kwa namna isiyotarajiwa.

Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen, alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, katika familia ya Waparsi. Alisoma shule ya bweni nchini India, na familia yake ikahamia Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Maishani mwake hakupenda kuzungumzia sana utoto huo. Filamu ya Freddie Mercury: The Untold Story, iliyotoka mwaka 2000, miaka tisa baada ya kifo chake, ilikwenda Zanzibar na India kuutafuta. Kwa mashabiki wengi wa roki, hapo ndipo Unguja ilipoanza kuwa sehemu ya maisha ya Mercury. Jambo ambalo mwenyewe alilinyamazia likatangazwa na filamu; na ni juu ya mtazamaji kuamua kama huko ni kumkamilisha au ni kumsemea.

Bi Kidude, mwimbaji wa taarab na unyago, alitengenezewa filamu na Andy Jones, As Old As My Tongue, iliyotoka mwaka 2006. Hapa mhusika alikuwa hai, alijua kusema, na alisema kwa Kiswahili chake mwenyewe. Filamu ilimfikisha kwa watu ambao wasingefika Unguja. Lakini Jones alirudi baadaye na filamu ya pili, I Shot Bi Kidude, iliyotazama siku za mwisho za bibi huyo, aliyefariki Aprili 2013, na mvutano uliozuka kuhusu nani amtunze na nani amsemee. Kwa hiyo hata msanii mwenye ulimi mkali hawezi kuamua peke yake atakumbukwaje. Kumbukumbu yake ina washirika wengi, na mtengenezaji wa filamu ni mmojawapo.

6.0 Suala la tafsiri

Tumefika sasa kwenye jambo linalotuhusu zaidi sisi wanafunzi wa lugha. Maneno ya shahidi katika filamu hupita katika mikono kadhaa kabla hayajamfikia mtazamaji wa nje: huandikwa, hutafsiriwa, kisha hufupishwa ili yaenee katika mstari mmoja au miwili chini ya picha. Kila hatua inaweza kupoteza kitu.

Kwanza, kuna suala la lahaja. Mzee wa Bagira atasema: Batoto balikuwa banacheza mpaka asubui. Katika Kiswahili sanifu tungeandika: Watoto walikuwa wakicheza mpaka asubuhi. Kiambishi ba- badala ya wa-, na bi- badala ya vi-, si makosa. Ni kanuni za Kiswahili cha Kivu, zenye utaratibu wake. Mtafsiri aliyefunzwa Dar es Salaam au Nairobi anaweza kuyasahihisha maneno hayo katika maandishi na hivyo kumfanya mzee azungumze lugha isiyo yake. Aidha, kitenzi kucheza chaweza kuwa ni kucheza ngoma au kucheza mchezo. Ni muktadha tu unaoamua.

Pili, kuna suala la heshima. Neno mzee likitafsiriwa kwa neno la Kifaransa lenye maana ya mtu aliyezeeka tu, adabu yote iliyomo hupotea kwa msomaji wa Ulaya, hata kama Mkongomani anayesoma Kifaransa cha kwetu ataihisi. Maneno ndugu, mama na mkubwa yana tatizo lile lile.

Tatu, na pengine ni zito zaidi, kuna suala la jinsia. Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika kiambishi cha mtendaji. Shahidi akisema, alinifundisha kupiga gitaa, hatujui kama mwalimu huyo alikuwa mwanamume au mwanamke. Kifaransa na Kiingereza humlazimisha mtafsiri kuchagua. Asipouliza, atachagua mwanamume kwa mazoea, na mwanamke aliyefundisha gitaa au aliyetunga wimbo atatoweka katika historia kwa herufi chache za tafsiri. Hakuna mtu atakayekuwa amesema uwongo. Hata hivyo ukweli utakuwa umepotea.

Kwamba jambo hili si dogo, Bukavu inajua. Mwaka 2015 Thierry Michel alitoa filamu ya L'Homme qui répare les femmes, kuhusu Daktari Denis Mukwege na hospitali ya Panzi. Filamu hiyo haihusu muziki, lakini mkasa wake ni funzo kwa kila anayetafsiri ushuhuda. Mwezi wa Septemba mwaka huo serikali ya Kongo iliizuia isionyeshwe nchini, na miongoni mwa sababu zilizotolewa ni madai kwamba tafsiri ya Kifaransa haikuwa aminifu kwa maneno ya mashahidi waliozungumza lugha za wenyeji. Zuio hilo liliondolewa mwezi wa Oktoba. Bila kuingia katika ubishi wa kisiasa, tunaona kwamba tafsiri ya mstari mmoja ilitosha kuwa hoja ya kuzuia filamu nzima. Kinga ya mtengenezaji filamu katika hali kama hiyo ni kuwa na unukuzi kamili, uliohakikiwa na wasemaji wa lugha yenyewe. Kazi hiyo ni ya idara za lugha.

7.0 Kazi inayowezekana Bagira

Zamani kutengeneza filamu kulihitaji utepe wa bei kubwa, maabara ya kuusafishia na fedha za kigeni. Siku hizi simu ya mkononi hunasa picha na sauti za kutosha kwa kazi ya utafiti. Kinachokosekana si chombo bali ni utaratibu. Tunapendekeza mambo yafuatayo kwa mwanafunzi atakayekwenda kumrekodi mwanamuziki mkongwe katika Bagira, au mahali pengine popote.

Kwanza, aombe ridhaa kwa maneno yanayoeleweka, tena irekodiwe. Mzee aambiwe picha zitatumika wapi, na akubaliwe anaposema kwamba jambo fulani lisitangazwe. Kuhusu nyimbo zenyewe, sheria ya haki za watunzi ya Kongo, yaani Agizo-Sheria nambari 86-033 la tarehe 5 Aprili 1986, inamlinda mtunzi; kuimba mbele ya kamera si sawa na kutoa wimbo bure.

Pili, amwache mzee aseme kwa lugha anayoitaka. Akianza kwa Mashi, akapita kwenye Kiswahili na kumalizia kwa Kilingala cha nyimbo, mchanganyiko huo ni sehemu ya historia ya mji, nao usikatwe kwa ajili ya unadhifu.

Tatu, unukuzi uwe wa mistari miwili: wa kwanza uandike maneno kama yalivyotamkwa, wa pili utoe Kiswahili sanifu. Tafsiri ya Kifaransa au Kiingereza itokane na mstari wa kwanza. Kila mtendaji asiyejulikana jinsia yake aulizwe papo hapo: huyo alikuwa nani?

Nne, mahojiano yamtafute pia yule aliyekaa pembeni ya jukwaa. Mpiga ngoma, mwitikiaji, mwenye ukumbi, fundi wa vipaza sauti, mke au mume aliyetunza vyombo vya muziki nyumbani: hawa ndio akina Levon Helm wa kwetu, ambao kamera kwa kawaida huwapita.

Tano, nakala ziwe nyingi na zikae mahali tofauti: moja kwa familia ya mwanamuziki, moja katika maktaba ya chuo, na moja nje ya mji. Sharti hili la mwisho halitokani na woga usio na msingi. Vita vilipita Bukavu mwaka 1996, mwaka 1998, mwaka 2004 na tena mwaka 2025. Kila mara watu walikimbia na kile walichoweza kubeba kichwani, na kanda za muziki si kitu cha kwanza kubebwa.

8.0 Hitimisho

Tumeona kwamba filamu ya hali halisi kuhusu mwanamuziki ilizaliwa pamoja na kamera nyepesi na muziki wa roki. Kwamba ilifika Kinshasa mwaka 1974, ikabaki imefungiwa kwa miaka mingi. Kwamba baadaye iliitukuza rumba ya Kilingala kwa haki, lakini ikaiacha Kongo ya Kiswahili kivulini. Na kwamba katika kila hatua maswali ya nani anasema, kwa lugha gani, na nani anatunza yameamua nini kikumbukwe.

Haifai kuwalaumu wageni waliokuja na kamera. Bila wao tungekuwa na picha chache zaidi za Wendo na za Bi Kidude. Lakini hakuna mgeni atakayejua kwamba nyumba fulani ya Bagira inakaliwa na mtu aliyepiga besi katika okestra iliyochezesha mji mzima. Jirani yake anajua. Mwanafunzi wa Kiswahili anayekaa mtaa huo ana lugha ya kumhoji, ana sikio la kunukuu maneno yake bila kuyaharibu, na huenda ana simu mfukoni. Tamasha la mwaka 1974 liliweza kusubiri miaka 34 kwa sababu utepe ulikuwapo, hata kama ulikuwa umefungiwa. Mzee ambaye hakurekodiwa hana utepe wa kusubiri.